Moto Uliolala Ndani ya Chokaa

Jicho la kushoto la babu yangu lilikuwa jeupe kama kauri. Sisi wajukuu tulidhani alizaliwa nalo hivyo. Siku moja, nikiwa na miaka tisa au kumi hivi, nilimuuliza, naye hakunijibu kwa maneno. Alichukua bonge la chokaa lililotoka tanuuni, la ukubwa wa yai la kuku, akaliweka juu ya kigae, akaniambia nikae mbali. Kisha akalinyunyizia maji.

Mwanzo halikufanya kitu. Baada ya muda likaanza kulia, tsss, likapasuka, likavimba, mvuke ukapaa, na palipokuwa na bonge pakabaki rundo la unga mweupe. Nilinyoosha kidole kugusa kigae, nikakirudisha mbio. Kigae kilikuwa kinaunguza! Nikatafuta moto wenyewe uko wapi. Hapakuwa na kuni, hapakuwa na kiberiti. Ni jiwe tu na maji ya kisima.

"Moto umelala humo ndani," babu akasema. "Mimi niliuamsha kwa jicho langu."

Alikuwa mchoma chokaa katika kijiji kimoja cha visiwa vya Lamu. Siku ya ajali alikuwa akipakua tanuu, upepo ukavuma ghafla, chembe ikamwingia jichoni. Machozi yake mwenyewe yalitosha kuiamsha. Maji ya kumwosha yalikuwa machache na kisima kilikuwa mbali. Alipofika kwa daktari, jicho lilikuwa limekwisha.

Nimekuwa nikiufuatilia moto ule kwa miaka mingi sasa. Nataka kueleza ulitoka wapi, nani waliupima, na nani ambao hawakuandikwa kwenye hesabu yake.

*

Miaka minane hivi baada ya siku ya kigae, nilikuwa Kidato cha Nne, nimekaa dawati la nyuma, mwalimu wa kemia akichora mishale ubaoni. Mada ilikuwa mabadiliko ya nishati katika michakato ya kikemia. Mshale mmoja ulipanda, mwingine ukashuka, na pembeni yake tarakimu zenye alama ya kujumlisha au ya kutoa. Mmenyuko unaovuta joto kutoka nje huwekewa alama ya kujumlisha. Unaotoa joto huwekewa alama ya kutoa. Chini ya yote mwalimu akaandika jina: Kanuni ya Hess.

Kusema kweli, nilikariri tu. Kemia ilikuwa ya Kiingereza, na tanuu la babu lilikuwa la Kiswahili. Kichwani mwangu vitu hivyo viwili vilikaa kama majirani wasiosalimiana.

Katika mtihani wa mwigo lilikuja swali moja ambalo sijalisahau. Tulipewa joto linalohitajika kuvunja kalsiamu kaboneti, yaani kilojuli 178 kwa kila moli. Tukapewa joto linalotoka kalsiamu oksaidi inapotiwa maji, yaani kilojuli 65. Tukaulizwa: ile hidroksaidi iliyopatikana ikikutana na kaboni dayoksaidi, itatoa joto kiasi gani? Nikajumlisha. Nikaandika 243. Mwalimu akaniwekea mkasi mwekundu na maneno mawili: "Fikiria tena."

Sikufikiria tena. Nilifunga karatasi nikaenda kucheza mpira. Nilikuwa mtu mzima mwenye kazi na watoto nilipogundua kuwa lile swali lilikuwa la chokaa. Kalsiamu kaboneti ni tumbawe. Kalsiamu oksaidi ni lile bonge kwenye kigae. Hidroksaidi ni ule unga mweupe. Nilifeli swali ambalo babu yangu alikuwa ameliishi miaka arubaini, na hakuna aliyeniambia, wala mimi sikujiambia.

*

Basi tuanzie tanuuni. Mafundi wa Pwani walipanga magogo kwa duara, safu juu ya safu, wakaacha nafasi katikati ya kuwashia. Juu yake wakamwaga mawe ya matumbawe yaliyovunjwavunjwa. Moto ukiwashwa hauachwi ulegee. Jiwe la chokaa si kama mkaa, ambao ukishashika unajiendeshea wenyewe. Jiwe halina moto wake. Huvuta joto la kuni muda wote, na ili livunjike sawasawa linahitaji nyuzijoto kama 900. Ukikosa kuni katikati ya kazi, linaiva ganda tu na kiini kinabaki kibichi, kama mhogo uliotolewa jivuni mapema.

Likiiva huwa jepesi. Jiwe safi la kilo 100 hubaki kilo 56. Zile 44 zimepaa zikiwa hewa. Kinachobaki ni cheupe, kikavu, na kina kiu. Ukikitia maji kinafanya nilichokiona kwenye kigae. Kazi hiyo kwa Kiswahili tunaiita kuzima chokaa. Angalia ajabu ya lugha: tunasema tunaizima, na hapohapo ndipo inapowaka.

Gramu 56 za chokaa hiyo, ambazo ni moli moja, hutoa kilojuli 65. Joto hilo likikusanywa lote bila kupotea, linakaribia kuchemsha kikombe kimoja cha maji ya chai. Sasa fikiria karai zima. Fikiria shimo zima. Ndiyo maana babu hakuruhusu mtoto asogee.

Mji mzima wa mawe wa Pwani umepita kwenye moto huo. Huko Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta misikiti iliyojengwa palepale mmoja baada ya mwingine, ya mwanzo ikiwa ya miti na ya baadaye ya mawe. Magofu ya Gedi, karibu na Malindi, yana kuta za matumbawe zilizoshikwa kwa chokaa. Kilwa vilevile. Wareno walipojenga Fort Jesus Mombasa kuanzia 1593, walitumia matumbawe na chokaa ya hapahapa. Na katika nyumba za Lamu za karne ya 18, chokaa ilichongwa na kusuguliwa ikawa zidaka, zile safu za vishubaka ukutani ambazo watalii hupiga picha mpaka leo.

*

Swali langu la utotoni, kwamba moto huu umeingiaje jiweni, lilikuwa pia swali la wasomi wa Ulaya. Mpaka katikati ya karne ya 18 wengi wao walikuwa na jibu linalofanana na la babu. Walisema jiwe likikaa tanuuni hufyonza chembe za moto, na chembe hizo ndizo zinazolipa ukali wa kuunguza. Ukilitia maji, chembe zinatoka.

Aliyelivunja jibu hilo alikuwa Joseph Black, mwanafunzi wa udaktari Edinburgh, Uskoti. Wakati huo maji ya chokaa yalitumika kama dawa ya mawe ya kibofu, na Black alitaka kujua vitu vikali vya aina hiyo hupata wapi ukali wao. Alitoa tasnifu yake mwaka 1754, na majaribio yake marefu yakachapishwa 1756. Silaha yake ilikuwa mizani. Alipima kabla ya kuchoma, akapima baada ya kuchoma. Kama jiwe lilikuwa limekula moto, mbona limepungua uzito? Akaonyesha kwamba jiwe halikuongezewa kitu, bali limenyang'anywa hewa. Hewa hiyo ndiyo tunayoiita leo kaboni dayoksaidi. Akaonyesha pia kwamba ukiirudishia chokaa hewa yake, inarudi kuwa kitu kilekile cha mwanzo, kipole, kisichounguza.

Niliposoma habari hii nilihisi kama mtu amemkanusha babu mbele ya wajukuu. Ati hakuna moto uliolala. Kuna hewa iliyoondoka, basi.

Lakini mizani hupima vitu, na joto halikai kwenye mizani. Kile kigae kiliniunguza kidole, na ule moto ulitoka mahali fulani. Black mwenyewe baadaye, akiwa Glasgow, ndiye aliyeonyesha kuwa barafu inapoyeyuka humeza joto jingi bila kupanda nyuzi hata moja. Joto limeingia na kipimajoto hakijaliona. Alikubali, basi, kwamba joto linaweza kujificha. Kilichobaki ni kulihesabu.

Hesabu hiyo iliendelea Paris. Majira ya baridi ya 1782 kuelekea 1783, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walitengeneza chombo kilichozungushiwa barafu. Waliweka kitu ndani, kikatoa joto, barafu ikayeyuka, wakapima maji yaliyochuruzika. Walieleza pia wazo moja zito: joto linalotumika kutenganisha vitu ni sawa na lile vinalolitoa vikiungana. Lavoisier aliuawa kwa kukatwa kichwa mwaka 1794, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa.

Halafu ndiyo akaja Hess, yule wa ubaoni. Germain Henri Hess alizaliwa Geneva mwaka 1802, akapelekwa Urusi angali mtoto mdogo. Alisomea udaktari Dorpat, mji ambao leo ni Tartu, Estonia. Akafanya kazi ya udaktari Irkutsk, mbali kabisa huko Siberia, kisha akawa mwanakemia wa St Petersburg. Huko alichukua asidi ya salfuriki, akaizimua kwa maji, mara kidogo, mara zaidi, mara zaidi tena. Kila mara alipima joto lililotoka kwenye kuzimua. Kisha akaizimisha ile asidi kwa amonia, akapima joto tena. Asidi iliyozimuliwa sana ilikuwa imeshatoa joto jingi mwanzoni, basi mwishoni ilitoa kidogo. Iliyozimuliwa kidogo ilifanya kinyume chake. Alipojumlisha joto la mwanzo na la mwisho, jumla zikawa sawa.

Mwaka 1840 akaitangaza kanuni: joto la mmenyuko halijali njia uliyopita, linajali ulikoanzia na ulikoishia. Ni kama kupanda Mlima Kenya. Pita Naro Moru, pita Sirimon, pita Chogoria. Ukifika kileleni, urefu kutoka usawa wa bahari ni uleule. Na ukipanda kisha ukashuka mpaka ulipoanzia, ulichopanda na ulichoshuka ni sawasawa.

*

Hebu sasa turudi kwenye ule mtihani wangu.

Tumbawe linaanza safari. Tanuuni linapanda: linavuta kilojuli 178 za joto la kuni kwa kila moli. Hewa inaondoka, linabaki bonge lenye kiu. Kwenye maji linashuka ngazi ya kwanza: linatoa 65. Linakuwa unga, unga unakuwa uji, uji unachanganywa na mchanga, fundi anaupiga ukutani kwa mwiko. Halafu polepole sana, ukuta unavuta kaboni dayoksaidi kutoka hewani na kurudi kuwa kalsiamu kaboneti. Yaani unarudi kuwa jiwe. Kikemia, ukuta wa chokaa uliokomaa ni tumbawe lililopewa umbo jipya.

Kama mwisho ni palepale pa mwanzo, lazima kilichovutwa kirudishwe chote. Kati ya 178, zimesharudi 65. Zilizobaki ni 113. Ndizo zinazotolewa na ukuta. Ilitakiwa nitoe, mimi nikajumlisha.

Na hapa ndipo nilipoelewa kwa nini kanuni ya Hess ina maana kubwa. Joto la kuzima chokaa unalisikia kwa mkono, linaweza hata kukupofusha. Lakini zile 113 za ukutani zinatoka polepole mno. Tabaka la juu huchukua wiki na miezi, na undani wa ukuta mnene huweza kuchukua miaka mingi. Weka mkono, ukuta ni baridi. Weka kipimajoto, hakisemi kitu. Na bado unaweza kuzijua zile 113, kwa kutoa tu, ukiwa umekaa dawati la nyuma. Hess alitupa njia ya kulijua joto ambalo hakuna ngozi inayoweza kulisikia.

Nimewahi kuwasikia watu wakisema kwamba haya yote wazee wetu waliyajua kabla ya Wazungu. Sikubaliani nao, na sidhani babu angekubali. Alijua ni lini jiwe limeiva kwa kuliinua na kusikia wepesi wake. Alijua maji yatangulie au chokaa itangulie. Alijua moto ulioingia utatoka. Lakini hakujua ni kiasi gani, na Hess alijua ni kiasi gani. Huo ni ujuzi wa namna mbili. Kinachoniuma ni kwamba nilipewa wa pili darasani kana kwamba ule wa kwanza haupo, na ulikuwa umekaa barazani kwetu na jicho moja.

*

Hesabu ya Hess hulingana kabisa, senti kwa senti. Lakini kuna walipaji ambao haiwahesabu.

Wa kwanza ni mti. Kuvunja kilo moja ya jiwe kunahitaji kama kilojuli 1,780. Kilo moja ya kuni kavu ina karibu 15,000. Kwenye karatasi, basi, kilo ya kuni ingetosha kilo nane za jiwe. Lakini tanuu la wazi lilipasha moto upepo na anga kuliko jiwe, na babu alikuwa akirundika kuni mpaka zishindane na mawe. Magogo ya mikoko yaliingia humo, na miti ya bara vilevile. Ile hewa iliyotoka jiweni ukuta huirudisha. Ile iliyotoka kwenye kuni ukuta hauidai. Hiyo inamngoja mti mwingine uote.

Wa pili ni mtu. Tunapotembea Lamu tunasifu zidaka na milango, na mara chache tunauliza nani aliyebeba. Katika karne ya 19, na kabla yake, kazi nyingi nzito za Pwani zilifanywa na watumwa: kukata mawe, kubeba kuni, kubeba chokaa. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika Kenya ya leo mwaka 1907, na hiyo si zamani sana. Babu yangu alizaliwa katika kijiji ambacho wazee wake walikumbuka nani alikuwa mtumwa wa nani, na kazi ya kuchoma chokaa haikuwa kazi ya watu wa daraja la juu. Hakuwahi kuniambia familia yetu ilianzaje kazi hiyo. Nilimuuliza mara moja, akasema, "Kazi ni kazi, mwanangu," akabadilisha mazungumzo. Sikurudia.

Wa tatu ni jicho. Kilojuli 65 kwa moli, na chembe iliyomwingia haikufika hata sehemu ndogo ya gramu. Joto lake lilikuwa dogo sana. Kilichomaliza jicho ni joto hilo pamoja na ukali wa chokaa yenyewe, ambao huendelea kula taratibu hata baada ya joto kwisha. Hilo nalo halimo kwenye mishale ya ubaoni.

*

Babu alifariki akiwa ameacha nyumba ya vyumba vitatu, kuta za matumbawe, dari la boriti. Miaka miwili iliyopita, plasta ya ukuta wa nje ilianza kubanduka. Binamu zangu wakasema tupige simiti, tumalize maneno. Simiti iko dukani, chokaa ni ya kutafutwa. Walikuwa na hoja. Isitoshe, hakuna kati yetu aliyetaka kusikia habari ya kukata mikoko ili tuchome mawe.

Lakini upande mmoja wa nyumba mjomba alishapiga simiti zamani, na sote tuliona yaliyotokea. Ukuta wa matumbawe hupandisha unyevu na chumvi kutoka chini, na chokaa huuacha upumue. Simiti huuziba. Unyevu ukakwama nyuma yake, chumvi ikasukuma, plasta ikaanguka kwa mabamba makubwa na kung'oka pamoja na uso wa jiwe. Tulibishana jioni nzima. Mwisho tukakubaliana: ndani simiti iliyopo ibaki, ukuta wa nje upigwe chokaa. Tukanunua ya magunia, iliyokwisha kuzimwa, na fundi mmoja mzee akakubali kuja. Hakutaka kutumia glavu. Tulimlazimisha avae miwani.

Binti yangu, aliye Kidato cha Tatu, alikuja nami likizoni. Siku ya tatu baada ya plasta alikuwa amekaa barazani na daftari lake, maana nilikuwa nimemwandikia lile swali la mtihani wa mwigo, neno kwa neno. Akaweka kiganja ukutani.

"Baba, lakini ni baridi."

"Najua. Hesabu."

Akaandika 178. Akaandika 65. Kalamu ikasita kati ya tarakimu mbili, palepale ilipositia yangu. Sikumwambia kitu. Akautazama ukuta tena, kisha akaweka alama ya kutoa.